Shimo Langu la Ndizi na Faili la Kamati

Nilipaswa kusema hapana siku ile waliponiletea faili. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto wa chekechea analiweza, lakini mimi, mzee wa miaka sitini na tisa, mwenye cheti cha kidato cha nne kilichotundikwa sebuleni, lilinishinda. Nawasimulia aibu hii kwa sababu kila nikipita sokoni kuna mtu ananiuliza kama ile mbegu yangu mpya ya viazi imezaa, kisha anainama kucheka, na nimeona ni afadhali muisikie kutoka kwangu kuliko kwa wale wanaoongeza chumvi (kuna anayesema nilikaa shimoni saa nzima, si kweli, haikufika hata robo saa).

Mtaa wetu uko nyuma ya soko, hapa Ngara mjini, na unaitwa Migombani, kwa maana kila nyumba ilikuwa na migomba yake nyuma na ukisimama mlangoni kwako ulimwona jirani kupitia majani. Kisha habari za mgodi zikaanza kuvuma, na malori ya mchanga yakaanza kupanda kilima, na watu wenye haraka wakaanza kuulizia viwanja. Waliouza waliuza, wakahamia Kasulo na Bukiriro, na mahali pa migomba yao pakaota nyumba za vigae zenye ukuta na geti, na geti lina kengele, unaibonyeza na kusubiri kama umekwenda kuomba mkopo. Kilabu cha pombe kikawa grosari. Kinyozi wetu, aliyekuwa akikunyoa huku anakueleza habari za wilaya nzima, akapandishiwa kodi ya kibanda akaondoka, na sasa pale kuna saluni yenye kioo ambamo unanyolewa kimya. Taa zao za ulinzi zinawaka hata kuku wetu hawajui tena kumekucha saa ngapi. Na lililotuuma zaidi ni njia ya kisimani. Ilipita katikati ya kiwanja alichonunua Bwana Masanja, naye akaizibia ndani ya ukuta, kwa hiyo mama zetu wakawa wanazunguka hadi barabarani na ndoo kichwani, wakipumulia vumbi la malori.

Masanja mwenyewe ni mkandarasi, Msukuma wa Shinyanga, mtu mnene wa sauti kubwa, na nisimseme vibaya, tangu siku ya kwanza aliniamkia vizuri. Wao wageni nao walikuwa na manung'uniko yao. Kubwa lilikuwa moshi. Sisi Wahangaza hatupati pombe bila shimo: unachimba, unawasha moto ndani hadi udongo upate joto, unatandika majani, unapanga ndizi mbichi, unafunika kwa majani na udongo, na baada ya siku nne ndizi zimeiva tayari kukamuliwa. Shimo hilo tunaliita urwina. Moshi wake huwa unatambaa chini chini kama mtu anayetafuta mlango, na mlango alioupata ulikuwa dirisha la Masanja, ambaye mke wake ana pumu. Hilo lilikuwa jambo la kweli, na lilihitaji watu wakae waongee. Hatukukaa. Tuliandika.

Walikuja watu sita nyumbani kwangu Jumapili moja baada ya ibada. Masanja alikuwa mbele na faili la kijani kwapani.

"Shikamoo mzee wangu," akasema. "Tumeunda kamati ya usafi na maendeleo ya mtaa. Tunahitaji mtu aliyesoma, anayeheshimika. Tumekuona wewe uwe mwenyekiti."

Ndugu zangu, nilikuwa karani wa ushirika wa kahawa kwa miaka ishirini na sita, na tangu nistaafu hakuna aliyeniita kwa cheo chochote isipokuwa baba Odeta, na Odeta mwenyewe ameolewa Biharamulo siku nyingi. Neno mwenyekiti liliniingia kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Nikafungua faili. Mke wangu Agnesi akasema kutoka jikoni, "Soma kwanza," nami nikasoma, sitawadanganya kwamba sikusoma. Kanuni ya nne ilisema ni marufuku kuchimba au kutumia shimo la kuivishia ndizi ndani ya mtaa, na lolote litakaloonekana lifukuliwe na kufukiwa. Nilisoma, nikaelewa, nikatoa kalamu yangu mwenyewe, nikasaini kwa ule mwandiko wangu wa ushirika wenye mikia.

Sasa hapa ni lazima niwaeleze habari za Mama Deo, maana bila yeye hamtaona ubaya wote.

Mama Deo ni jirani yangu wa ukutani. Nasema ukutani kwa mazoea, kwa kweli kati yetu kuna uzio wa minyaa wenye pengo, na pengo hilo tumelipita miaka arobaini kuombana moto na chumvi. Mume wake alitangulia zamani. Deo, mwanae wa pekee, naye alifariki akaacha binti mdogo, Anitha, na siku ya mazishi mimi ndiye niliyesimama kaburini nikasema mbele za watu: mtoto huyu akiposwa, nitamsemea mimi. Kwetu binti anapokujiwa na wakwe lazima upande wake uwe na msemaji, mtu mzima wa kiume anayejibu maneno ya wageni, anayekubali au kukataa, na ambaye ndiye wa kwanza kutia mrija kwenye chungu pombe inapoletwa. Na msemaji haji mikono mitupu. Huleta pombe ya ndizi za shamba lake.

Anitha alikuwa amepata mchumba wa Kaniha, kule Biharamulo, familia ya Wasukuma wafugaji, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Nami nilisaini faili wiki mbili kabla.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa kamati akasema, jamani, hii kanuni ianze baada ya shughuli ya Mama Deo. Ni sentensi moja tu. Lakini nilifikiri, mwenyekiti ataombaje msamaha wa kanuni aliyoisaini mwenyewe? Nikaona njia ya werevu zaidi (mimi na werevu!). Wiki moja kabla ya wakwe, Jumamosi, nikachimba shimo langu nyuma ya nyumba, upande usioonekana, nikawasha moto mdogo wa kuni kavu zisizotoa moshi mwingi, nikapanga ndizi. Shimo lilikuwa kubwa kuliko ndizi, kwa hiyo nikalaza fito juu yake, nikatandaza majani, nikarudishia udongo. Na ili lisijulikane, nikalipandisha udongo kama tuta na kuchomeka marando ya viazi vitamu juu yake. Nilisimama kando nikalitazama, nikajisifu. Nilichosahau ni kwamba makaa niliyoyasukumia pembeni hayakuwa yamezimika, na kwa siku mbili zile yalikuwa yanazila fito zangu kwa chini, taratibu, bila kelele.

Ukaguzi wa kamati ulipangwa Jumatatu ya wiki ya wakwe. Tulikuwa mtendaji wa mtaa (binti mdogo tu, mwenye adabu, wa kutoka Muleba), Masanja, wajumbe wanne, na nyuma yetu mtaa mzima, maana watu wa Migombani hawakosi jambo la bure. Nilivaa suti ya siku niliyostaafu. Nilibeba faili kifuani kama katekista anavyobeba kitabu.

Tulianza kwa Mama Deo. Alikuwa anakaanga mtama wa kutia kwenye pombe, na shimo lake lilikuwa wazi mbele ya kila mtu, limefunikwa vizuri na jiwe juu, kwa sababu yeye hakuwa na cha kuficha. Nikafungua faili nikasoma kanuni ya nne, kwa sauti.

Hakuacha kugeuza mtama. "Baba Odeta," akasema, "shimo hili si unajua ni la nini?"

"Kanuni ni kanuni, Mama Deo."

"Haya. Basi lifukue wewe mwenyewe."

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya pili ya kusema hapana, nikaipoteza nayo. Sikufukua mwenyewe, nilimwonyesha mjumbe mmoja jembe kwa ishara ya kidevu. Akainua jiwe, akavuta udongo pembeni, akachana majani, na mvuke ukatoka. Waliokua na migomba wanajua: shimo likifunguliwa siku ya pili, baridi inaingia, na ndizi zinabaki ngumu, hazitoi maji. Wanawake waliokuwa nyuma yetu waliguna wote pamoja. Mama Deo aliteremsha kikaango jikoni, akajifuta mikono, akanikazia macho.

Kisha mama mmoja muuza dagaa akasema, kwa sauti ya mtu anayejiongelea, kwamba itakuwa vizuri kukagua na kwa mwenyekiti pia. Watu wakaitikia. Masanja akasema ni haki, hata ilipaswa tuanzie huko, na papo hapo umati ukawa umeshapita kwenye pengo la minyaa na uko nyumbani kwangu.

Nyuma ya nyumba tuta langu la viazi lilikuwa limetulia vizuri, ila lilikuwa na nyuki. Nyuki wengi, wanazunguka marando kama wamealikwa. Mtendaji akainama.

"Mzee, viazi hivi mbona vinapendwa na nyuki?"

"Ni mbegu mpya," nikasema. Na kwa sababu mwongo haridhiki na uongo mmoja, nikaongeza, "Imetoka kwenye utafiti."

"Na harufu hii ya ndizi mbivu?"

Nikajiweka kati yake na tuta, nikafungua faili, nikaanza kusoma utangulizi wa kanuni kwa sauti ya juu ili watu wasahau pua zao, nikawa nasoma huku narudi nyuma, kwa madhumuni ya kuboresha mazingira, hatua, na kudumisha ujirani mwema, hatua, na hapo kwenye ujirani mwema kisigino changu kikasikia kitu kinalia *ka*, kama mwiko uliovunjika, na dunia ikaondoka.

Sikuanguka kwa haraka. Ningependa ingekuwa haraka. Niliteremka wima, kwa heshima, faili likiwa limefunguliwa mbele yangu, nikapita majani, nikapita majivu, nikafika kwenye ndizi ambazo makaa yalikuwa yameshazilainisha, nikazama hadi kiunoni, na kwa kuwa shimo lilikuwa na kina, aliyesimama mbali alikiona kichwa changu tu kimebaki katikati ya marando ya viazi. Wingu la majivu likapanda, likashuka, likanikalia. Ndizi zilikuwa na joto. Zilinipanda ndani ya suruali.

Waliinama kutazama kama nimekufa. Nilipopiga chafya, mtaa ukapasuka. Nimeishi Migombani tangu ujana na sijawahi kusikia watu wa pale, wenyeji na wageni, wanacheka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Masanja ndiye aliyekuja kunitoa. Alilala kifudifudi ukingoni, shati lake jeupe likiwa kwenye udongo, akanipa mkono, akavuta, nami nikavuta, na mimi ni mzee lakini yeye ni mzito, ukingo ukamong'onyoka, akaja mzimamzima kichwa mbele. Tukawa wawili. Alipojigeuza na kutema ganda, tulikuwa tumekaribiana pua kwa pua, na kule juu wanacheka hata hawasikii, akaninong'oneza:

"Mzee wangu, hili shimo ni la nini hasa?"

Sijui kwa nini nilimweleza. Labda kwa sababu shimoni hakuna mwenyekiti. Nilimweleza habari za Deo, na ahadi ya kaburini, na wakwe wa Jumamosi, na kwamba shimo tulilolifungua kwa yule mama lilikuwa la kazi hiyo hiyo. Macho yake yalikuwa yanatoka majivu na machozi, ya moshi nadhani.

"Na wewe ulijua tangu siku ya kusaini?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Unadhani mimi sina dada walioolewa?"

Akajikamata kwenye mzizi akapanda, akanitoa, na badala ya kwenda kuoga alipita pengo la minyaa vile vile alivyo, akachukua jembe, akamwomba Mama Deo radhi mbele ya watu wote, akaanza kulifunika shimo lake upya. Akawaambia wajumbe wachote ndizi zangu zilizonusurika wazihamishie kule. Akamtuma mtu alete kuni kavu kutoka kwake, shimo lirudishiwe joto. Mtendaji akafunga daftari lake akasema ukaguzi umeishia hapo, tutaitisha mkutano.

Mimi je? Mimi niliingia ndani.

Hili ndilo kosa ambalo watu sokoni hawalisimulii, kwa sababu halichekeshi. Nilioga, nikalala, nikamwambia Agnesi aseme mgongo unaniuma. Jumatatu jioni akaniambia, nenda kamwombe radhi mwenzio. Nikasema kesho. Jumanne akasema tena. Nikasema watu wapungue kwanza barabarani. Jumatano akaweka chakula mezani akasema, "Mwanamume mzima unamkwepa jirani wa hatua ishirini," akaenda yeye, akarudi, wala hakunieleza alichokikuta. Na siku zile tatu kabla ya wakwe kuja ndizo ambazo msemaji hukaa na familia, wakapanga maneno.

Alhamisi nikajikaza, nikapita pengo. Walikuwa wanakamua. Mtumbwi wa mbao wa kukamulia ulikuwa katikati ya ua, majani makavu yamechanganywa na ndizi, na ndani yake Masanja, suruali imekunjwa hadi magotini, anazikanda kwa mikono miwili huku akiimba wimbo wa kulimia wa kwao, na akina mama wanamkosoa kwamba Msukuma anakanda ndizi kama anakanda udongo wa tofali. Mke wake alikuwa ameketi upande upepo unakotoka, anamenya ndizi pamoja na Anitha. Ndizi za Mama Deo zilikuwa zimebaki ngumu zaidi ya nusu, lakini na zangu zilikuwemo, na juisi ilikuwa inatoka.

Nikamwamkia Mama Deo kwa Kihangaza, nikapiga goti moja chini, umri wangu huu. Nikasema yote.

"Nimekusamehe, baba Odeta," akasema. "Ndizi si kitu. Nilikusamehe tangu ulipopiga chafya." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Lakini Jumanne jioni wazee walikaa hapa kupanga maneno, kiti chako kikawa kitupu. Jumatano pia. Huyu Masanja alikuwa anakuja kila jioni kutazama shimo. Anawajua wale watu, anajua na ng'ombe wao. Nimempa yeye kumsemea Anitha."

Masanja aliacha kukanda. Akasema, mama, kama mzee amekuja basi mimi nampisha. Mama Deo akatikisa kichwa. Neno lilikuwa limeshatoka, na mimi nilijua kwamba ana haki.

Jumamosi ilikuwa siku nzuri, niwaambie kweli. Wakwe walikuja na magari mawili, wamependeza. Msemaji wao alipoanza kusifu ng'ombe wa mahari, rangi zao na pembe zao, Masanja alimsikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, kisha akasema kwa upole, "Ndugu yangu, mimi pia nimechunga. Ng'ombe anayesifiwa pembe ni kwamba mbavu zake zinahesabika." Wageni wakacheka hadi wakashikana mabega, na kuanzia hapo mambo yakaenda kama maji. Pombe haikutosha watu wote, ikabidi wengine wanywe soda, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilikaa nyuma, karibu na vyungu, na wanaume wanaomimina.

Tangu siku hiyo mtaa umebadilika tena, safari hii kwa namna ninayoipenda. Faili nimelirudisha, na mkutano uliitishwa kweli, watu wakakaa wakaongea kama ilivyopaswa tangu mwanzo: mashimo yote sasa yako kule chini bondeni, ambako upepo unachukua moshi kwenda mbali na madirisha, na anayetaka kuwasha anawaambia majirani siku mbili kabla. Mke wa Masanja analala vizuri. Na Masanja ametoboa ukuta wake, sehemu mbili, akaweka vijilango vya bati visivyofungwa mchana, na njia ya kisimani inapita uani kwake kama zamani. Kengele ya geti bado ipo, lakini mama zetu hawaijui. Wanapita na ndoo zao huku wakimwuliza kama ameshajifunza kukanda.

Nami nimeapa sitasaini tena karatasi inayomhusu jirani kabla sijapita kwanza kwenye pengo la minyaa nikamsomea.

Anitha alinijia Jumamosi ile jioni, kabla ya kuondoka, akapiga magoti. "Shikamoo babu." Nikamwitikia marahaba, nikamshika kichwa, nikambariki, na maneno mengine niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka kumi na minane sikuwa na mahali pa kuyasemea. Hicho ndicho faili lilichonigharimu. Suti ilifuliwa, kicheko kitaisha. Lakini nilimwahidi Deo kaburini kwamba nitamsemea mwanae, na siku ilipofika alisemewa na mtu mwingine, mimi nikiwa nimekaa nyuma kando ya vyungu, na binti haposwi mara mbili.